Kutoka Maji ya Lualaba hadi Mazutu: Nani Amelipia Safari ya Shaba ya Kolwezi?

Historia ya uchukuzi katika ukanda wa shaba wa Katanga imezoeleka kusimuliwa kama historia ya reli. Reli iliyotoka kusini ilifika Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, mwaka 1910, na Bukama mwaka 1918. Mwaka 1931 njia ya Benguela iliungana nayo huko Tenke, hivyo Kolwezi, mji ulioanzishwa mwaka 1937, ulizaliwa kando ya reli iendayo Atlantiki. Masimulizi hayo ni ya kweli, ila yanasahau kuuliza ni nani aliyelipia nguvu iliyosukuma mzigo huo.

Katika miaka ya 1950 jibu lilikuwa jepesi. Bwawa la Nzilo lilijengwa juu ya mto Lualaba, karibu na Kolwezi, na mwaka 1952 kipande cha reli kati ya Likasi na Tenke kilianza kuendeshwa kwa umeme; baadaye Kolwezi nayo ikafikiwa. Mto uleule uliowasha mitambo ya Union Minière ulivuta pia mabehewa yake. Haki ya mfanyakazi katika mpango huo ni suala jingine, tena zito. Lakini kwa upande wa gharama, nishati ilikuwa mzigo wa kampuni kubwa na dola ya kikoloni, wala haikuwa ya mtu mwenye gari moja.

Mpango huo ulivunjika polepole. Vita vya Angola viliifunga njia ya Benguela mwaka 1975. Kolwezi yenyewe ilivamiwa mwezi Mei 1978. Mgodi wa Kamoto uliporomoka mwaka 1990, na Gécamines, iliyokuwa ikitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka katika miaka ya 1980, haikufikisha tani 40,000 mwaka 1994. Sizarail, iliyoundwa mwaka 1995 ili kuyaokoa mashirika ya reli, haikuvuka mwaka 1997. Hivyo uchimbaji ulipofufuka baada ya Sheria ya Madini ya mwaka 2002, shaba haikupata treni ya kutosha. Ilipata malori, ambayo watu wa Kolwezi huyaita kamio.

Mengi ya malori hayo ni ya makampuni makubwa, baadhi yakitoka Zambia, Tanzania na Afrika Kusini. Lakini kati ya mashimo ya wachimbaji wadogo na maghala ya Musompo hupita pia magari ya watu wenye lori moja au mawili. Hao ndio ambao kodi ya mafuta huwaumiza zaidi, na sababu yake haimo katika kiwango cha kodi peke yake.

Mazutu, kama dizeli inavyoitwa huko, huagizwa kutoka nje, na sehemu kubwa ya ile ya kusini huingilia Kasumbalesa. Lita inayotoka bandari ya Dar es Salaam husafiri zaidi ya kilomita 2,000 kabla ya kufika Kolwezi. Ikibebwa na lori, lori hilo nalo huchoma mafuta njia nzima. Bei ya pampu hupangwa na Wizara ya Uchumi kwa kanda, na ndani yake mna ushuru wa forodha, ushuru wa matumizi, kodi ya ongezeko la thamani, iliyoanza mwaka 2012 kwa asilimia 16, pamoja na tozo ya matengenezo ya barabara inayokwenda kwa FONER, mfuko ulioundwa kwa sheria ya Julai 2008. Dereva akishalipia barabara ndani ya lita, hulipa tena kwenye vizuizi vya ushuru wa barabara kati ya Kolwezi na Lubumbashi. Ni vigumu kumlaumu anayesema kwamba ameuziwa barabara moja mara mbili.

Upande wa pili, Sheria ya mwaka 2002 iliyapa makampuni ya migodi forodha ya asilimia 3 tu kwa mafuta ya shughuli zao. Sheria hiyo ilirekebishwa mwaka 2018, lakini utaratibu wa kuipa migodi forodha yake ya pekee uliendelea. Hapo ndipo mgeuko wa kihistoria ulipo. Aliyekuwa akilipia nishati yote sasa ana nafuu. Aliyekuwa nje ya hesabu analipa bei kamili, tena kwa fedha taslimu kabla ya safari, ilhali malipo yake mwenyewe husubiri mzigo upimwe.

Katika miji mingi ya Kongo wauzaji wa mafuta ya madumu huitwa kadafi, kwa jina la yule mtawala wa Libya aliyekuwa na visima. Jina hilo lina mzaha, lakini pia ni ushahidi wa historia: pale bei rasmi inaposhindikana au pampu inapokauka, watu hujitafutia mwenye mafuta wao. Mwenye lori anayenunua kwake huweza kukwepa sehemu ya kodi, lakini hubahatisha injini, kwani mafuta ya dumu mara nyingi huchanganywa.

Tangu mwaka 2024 shaba ya Kolwezi imeanza tena kupita Lobito kwa treni. Treni hizo huchukua mzigo wa safari ndefu. Kutoka shimoni hadi ghalani, mazutu bado hununuliwa na mwenye gari.