Michango ya Matanga na Dawa ya Maumivu

Kakamega, magharibi mwa Kenya, mazishi si shughuli ya nyumba moja. Habari za msiba zikifika, kamati huundwa, mweka hazina akateuliwa, daftari likafunguliwa. Jamaa walioko Nairobi nao hukutana jioni baada ya jioni hadi zipatikane fedha za jeneza, gari la kumsafirisha marehemu na chakula cha waombolezaji. Desturi hii ilikuwapo kabla Jomo Kenyatta hajaufanya wito wa harambee kuwa wa taifa zima mwaka 1963. Tangu M-Pesa, huduma ya kutuma fedha kwa simu, ianze mwaka 2007, mchango hutangulia, mchangaji akafuata na basi la usiku.

Sehemu kubwa ya fedha hizo, hata hivyo, hutolewa mtu akishakata roho. Na saratani huua polepole, kwa maumivu makali.

Hospisi, vituo vya kuwatunza wagonjwa wasiotarajiwa kupona, ziliigeuza kumbukumbu ya marehemu kuwa tiba ya walio hai. Mwaka 1948 David Tasma, mkimbizi Myahudi kutoka Poland, alifariki London kwa saratani, akamwachia Cicely Saunders, mhudumu aliyekuwa akimtembelea, pauni 500. Mwaka 1967 Saunders alifungua St Christopher's, hospisi iliyofungua njia kwa nyingine duniani. Harare, Maureen Butterfield alifiwa na binti yake kwa saratani. Mwaka 1979 akaanzisha Island Hospice. Nairobi Hospice ilifuata mwaka 1990. Baada ya kifo cha Binti Mfalme Diana wa Uingereza mwaka 1997, sehemu ya fedha za mfuko wa kumbukumbu yake ilikuja kugharimia tiba shufaa, yaani tiba ya kuwapunguzia wagonjwa maumivu, Afrika, Kenya ikiwamo.

Bado mikoani hali ilikuwa ya kusikitisha. Mwaka 2010 shirika la Human Rights Watch liliripoti kwamba kati ya hospitali za umma zipatazo 250 nchini, saba tu zilikuwa na mofini, dawa ya maumivu makali. Hapo ndipo tiba shufaa ilipoanza kupelekwa katika hospitali kuu za mikoa. Hospitali ya rufaa ya Kakamega leo ina kitengo chake cha tiba shufaa.

Mofini ya kunywa ni unga uliochanganywa na maji, bei yake nafuu. Mgonjwa huinywa nyumbani kila baada ya saa nne. Kinachoilemea familia ya Lugari au Butere mara nyingi ni nauli ya kuifuata dawa mjini na riziki ya ndugu aliyeacha kazi ili amuuguze mgonjwa. Mizigo hiyo kamati ya mazishi ingeweza kuibeba kwa salio la daftari lake, kwa jina la marehemu.