Kabla ya Kolwezi na baada ya Kolwezi: historia ndani ya mabafle mawili ya Buyenzi

Wenzetu mulio kambini mumeuliza mara nyingi kwa nini kundi letu lilipoteza miezi mitatu kutengeneza mabafle mawili ya zamani, wakati madukani spika mpya zimejaa zenye taa za rangi na mlango wa kuchomeka flashi. Jibu fupi ni pesa. Jibu refu ndilo hili, na linapita Katanga.

Mabafle yenyewe tulipewa na familia moja ya Bwiza iliyokuwa inahama. Ni masanduku mawili ya mbao yanayofika kwenye goti, yenye jina la Philips, ya miaka ya 1960. Moja lilikuwa limegeuzwa meza ya kuwekea chungu cha maua, na maji ya maua yalikuwa yamekula mbao ya juu. Tuliyabeba kwa mkokoteni hadi Buyenzi.

Wale ambao hamujafika Buyenzi, mujue kwamba huo ndio mtaa wa Waswahili wa Bujumbura. Barabara zake zinaitwa kwa namba, magereji yako kila kona, na mtu akikuambia kitu hakitengenezeki, ujue hajakipeleka Buyenzi. Kiswahili cha hapo ni cha zamani kuliko mpaka wetu. Wajerumani walipoweka kambi yao ya askari Usumbura mwaka 1897, walikuja na askari, wapagazi na wafanyabiashara waliozungumza Kiswahili, na wengine walikuwa tayari wanavuka ziwa kutoka upande wetu wa Kongo. Wabelgiji walipochukua mji mwaka 1916 waliwakuta, na baadaye wakawapangia mtaa wao. Ndiyo maana mkimbizi kutoka Uvira au Fizi akifika Buyenzi hapotei sana. Anasalimia, anaitikiwa.

Fundi wetu ni mzee wa redio. Lakini hakufanya peke yake, na sisi tulikuwa wengi wa kushika taa kuliko wa kushika waya. Kuna dereva mmoja wa teksi anayekusanya sahani za rumba, kuna mwalimu kutoka Uvira aliyewahi kupiga gitaa, kuna kijana wa kutengeneza simu mwenye mita ya kupimia umeme. Watu hawa hukutana Jumapili mchana kwa sababu moja tu: wanapenda sauti ya vyombo vya zamani, na wanabishana juu yake kama wengine wanavyobishana juu ya mpira.

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe. Fundi alipofungua masanduku, tuliona kitu cha ajabu. Spika ya kushoto na ya kulia hazikufanana kwa nyuma. Ya kushoto ilikuwa na sumaku nene, imefungwa ndani ya chuma kama kikombe, na imeandikwa Ticonal. Ya kulia ilikuwa na sumaku bapa, nyeusi, pana kama chapati. Mtu fulani, miaka fulani, alikuwa ameibadilisha. Mzee fundi alizigonga zote mbili kwa ukucha, akasema: "Hii ni ya kabla ya Kolwezi. Hii ni ya baada ya Kolwezi."

Tulidhani anatania. Kumbe alikuwa anatufundisha.

Spika inafanya kazi hivi. Kuna karatasi iliyokunjwa kama faneli, na katikati yake kuna kakoili kadogo ka waya mwembamba wa shaba. Kale kakoili kanaingia ndani ya tundu la sumaku bila kugusa ukuta. Umeme wa muziki ukipita kwenye waya, sumaku inausukuma mbele na kuuvuta nyuma, karatasi inacheza, hewa inatikisika, na wewe unasikia gitaa. Wamarekani wawili, Rice na Kellogg, ndio walioeleza muundo huo vizuri mwaka 1925, na mpaka leo spika nyingi duniani, hata ile ya simu yako, ni wajukuu wa hiyo.

Basi kila kitu kinategemea sumaku. Zamani walitumia sumaku ya umeme, nzito na yenye kula nguvu. Kisha ikaja alniko. Jina lake ni la madini yaliyomo: alumini, nikeli na kobalti, yamechanganywa na chuma. Philips wao waliiita Ticonal, na ukiikata kwa herufi utasoma titani, kobalti, nikeli, alumini. Katika aina ya alniko iliyotumika sana kwenye spika nzuri, karibu robo ya uzito ni kobalti, yaani asilimia 24 hivi, na ndani yake kuna hata shaba kidogo, asilimia 3. Kobalti na shaba! Mkongomani yeyote akisikia madini hayo mawili pamoja, hahitaji ramani.

Katanga ilikuwa inachimba yote mawili tangu wakati wa Wabelgiji, chini ya kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliyoundwa mwaka 1906. Kobalti inatoka pamoja na shaba katika udongo uleule. Mobutu aliichukua kampuni hiyo ikawa mali ya serikali, ndiyo baadaye ikaitwa Gécamines, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 mkoa wenyewe ukabadilishwa jina ukaitwa Shaba. Wakati huo Zaire ilikuwa inatoa kobalti nyingi kuliko nchi nyingine yoyote duniani. Hatuwezi kuapa kwamba sumaku yetu ya kushoto ilitoka Likasi au Kolwezi, chuma hakina kitambulisho. Lakini wengi wa wazungu waliokuwa wanasikiliza muziki sebuleni kwao miaka ile, walikuwa wanasikiliza kwa nguvu ya udongo wa huko, na hawakujua.

Halafu ikaja vita. Mwezi wa 3 mwaka 1977 wapiganaji wa FNLC waliingia Shaba kutoka Angola, wakarudishwa. Tarehe 13 mwezi wa 5 mwaka 1978 walirudi kwa kupitia Zambia na kuukamata mji wa Kolwezi. Hawa walikuwa nani? Hapa sisi tulinyamaza kidogo tuliposikia. Kiini chao kilikuwa wale askari wa zamani wa Katanga ya Tshombe, ile Katanga iliyojitangaza nchi kuanzia mwaka 1960 hadi 1963. Waliposhindwa walikimbilia Angola, wakakaa huko miaka mingi, wakazeeka uhamishoni, na vijana wengine wakaongezeka kwao. Yaani walikuwa wakimbizi kama sisi, waliochoka kusubiri na kushika bunduki. Hatuandiki hivi kuwatetea. Kolwezi waliuawa mamia ya watu, weusi kwa weupe. Tarehe 19 askari wa Kifaransa wa Légion étrangère waliruka kwa miavuli, Wabelgiji wakafuata, mji ukakombolewa. Na maelfu ya raia wa mkoa ule, katika vita hivyo viwili, walikimbia na wao kuelekea Angola.

Huko Ulaya na Marekani watu wa viwanda walishika kichwa. Kobalti haikwenda kwenye spika tu, ilihitajika hata zaidi kwenye injini za ndege za jeti, kwa hiyo kila mtu alitaka kuweka akiba. Mwanzoni mwa mwaka 1978 bei ilikuwa chini ya dola 7 kwa ratili moja, ambayo ni karibu nusu kilo. Mwaka 1979 bei rasmi ilifika dola 25, na waliouziana pembeni walilipa zaidi ya hapo. Cha kushangaza, machimbo hayakukaa yamefungwa kwa muda mrefu, kobalti ilianza tena kutoka, nyingine ikabebwa kwa ndege. Kilichopandisha bei kilikuwa hofu zaidi kuliko upungufu. Tazameni lakini jinsi dunia inavyoweka kumbukumbu: bei ya kobalti ya miaka ile tunaijua hadi senti, majina ya waliokimbia hatuyajui.

Watengenezaji wa spika hawakuweza kushindana na watengenezaji wa ndege. Kulikuwa na sumaku nyingine, feraiti, ambayo Philips wenyewe walikuwa wameileta sokoni miaka ya 1950. Inatengenezwa kwa kutu ya chuma iliyochanganywa na bari au stronti na kuchomwa kama chungu. Ni rahisi sana, haina kobalti hata chembe. Spika za bei ndogo zilikuwa zinaitumia zamani. Ila kampuni kubwa za sauti safi, kama JBL ya California, zilikuwa bado zimeshikilia alniko. Baada ya Kolwezi ziliachia. Ndani ya miaka michache JBL ilihamia feraiti, na wengine hivyohivyo. Fungua spika ya kawaida ya miaka ya 1980, utakuta chapati nyeusi.

Sasa mumeelewa maneno ya mzee fundi.

Je, sauti ni tofauti? Hapa ndipo Jumapili inapochomeka. Dereva wa teksi anaapa kwamba alniko ina sauti tamu, inabembeleza. Mwalimu anasema ni masikio ya uzee. Sisi tulisikiliza sana na kwa ukweli hatukuweza kutenganisha sumaku na mambo mengine, maana karatasi ilikuwa tofauti, koili tofauti, kila kitu tofauti. Tulichosikia ni kwamba upande mmoja ulikuwa unaimba na mwingine unapiga kelele, na huwezi kusikiliza rumba namna hiyo, gitaa mbili zinazojibizana lazima zikae katika chumba kimoja.

Kwa hiyo tulitafuta pacha. Tulianza kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, na huko tulipata uchungu. Vijana wa rika letu wanavunja maredio ya kabati kwa nyundo, mbao kwa moto, shaba kando, sumaku kwa kilo. Hatuwalaumu, mtu anakula alichopata. Pacha wetu tulimpata ndani ya redio ya kabati katika ua mmoja wa Buyenzi, kuku wanalala juu yake. Philips ileile, Ticonal ileile, karatasi imepasuka vipande vitatu. Mwenye nyumba hakutaka pesa, alitaka siku moja tumpigie Franco kwa sauti kubwa. Tumeahidi.

Kutengeneza kulikuwa hivi. Kijana wa simu alipima koili kwa mita, ikajibu, haijakatika. Kisha fundi akasukuma karatasi taratibu kwa vidole pande mbili ili asikie kama koili inakwaruza. Ilikwaruza. Mmoja wetu akasema tufungue sumaku tusafishe ndani. Mzee akarudisha mkono wake: "Watoto, musifungue hiyo. Mukiitenga na chuma chake, nguvu inapotea, na hapa Buyenzi hatuna mashine ya kuirudisha." Ni kweli, alniko ndivyo ilivyo, ukiitoa ndani ya chuma chake inadhoofika palepale. Kwa hiyo alibandua kifuniko kidogo cha katikati, akazungusha kipande cha plasta ya kunata ndani ya ule mwanya, mara kumi, mara ishirini, kinatoka na unga wa kutu. Kazi ya kushinda kutwa kwa ajili ya mwanya usiozidi milimita chache. Mipasuko iliunganishwa kwa karatasi laini, ile inayofungiwa viatu vipya, na gundi ya mbao iliyotiwa maji, tabaka nyembamba, kila moja ikauke. Mwisho, betri moja ya 1.5 volti: unagusa nyaya, unaangalia karatasi inaruka mbele au nyuma. Lazima zote mbili ziruke upande mmoja, la sivyo besi inakufa.

Kuna faida nyingine ambayo wapenzi wa Jumapili hawakuiwaza, sisi tuliiwaza. Redio za zamani zilikuwa na nguvu kidogo, kwa hiyo spika zao zilitengenezwa zitoe sauti kubwa kwa umeme mdogo. Ampli ya wati 10 na betri ya sola vinatosha mkutano wa vijana kambini, na matangazo yanasikika mpaka kwa wazee waliokaa nyuma.

Tulipoyaleta kambini kwa mara ya kwanza, tulieleza habari hii yote mbele ya watu. Mama mmoja, aliyezaliwa Likasi na baba yake alifanya kazi Gécamines, aliomba aiguse ile sumaku. Aliishika kwa muda. Akauliza kama ni nzito hivyo kwa sababu ya madini ya kwao. Tulimwambia ndiyo, robo yake hivi.

Sasa bado kitambaa cha mbele. Cha zamani kimeoza, na fundi anataka kitu chepesi kinachopitisha hewa. Mwenye kipande cha kitenge kilichochakaa vizuri, mita moja inatosha kwa yote mawili.