Ndovu Wakiondoka, Nyasi Huumia

Muulize kijana yeyote wa Nairobi kuhusu enzi ya barafu, atakutajia Manny, yule mamothi wa filamu ya Ice Age, na theluji isiyoisha. Hata sisi tuliokulia Hagadera, Dadaab, tulimjua Manny, simu moja ikizungukwa na vichwa kumi. Kile hakuna aliyetuambia ni kwamba enzi hiyo ilikuwa na wanyama wake hapa kwetu, na ukoo wa mmoja wao bado unapumua kusini mwa kaunti yetu ya Garissa.

Huku kwetu barafu ilikaa milimani, kama Mlima Kenya. Nyikani zamu ilikuwa ya ukame na mvua: nyasi zinatanuka, misitu inanywea, halafu inageuka tena. Visukuku vya Koobi Fora, mashariki mwa Ziwa Turkana, vinatuonyesha waliopita. Kulikuwa na Deinotherium, jamaa wa ndovu ambaye pembe zake zilitoka taya la chini zikapinda kuelekea ardhini. Alitoweka Afrika takriban miaka milioni moja iliyopita. Kulikuwa na Elephas recki, ndovu mkubwa mla nyasi. Pale Olorgesailie, ukielekea Magadi, mifupa yake ilipatikana pamoja na zana za mawe za watu wa kale. Naye hayuko. Aliyebaki ni ndovu wa leo, ambaye hachagui sana: nyasi anakula, miti anavunja.

Hiyo ya kuvunja miti ishike, tutairudia.

Ukoo niliosema bado unapumua ni wa hirola, swala mwenye mistari myeupe machoni kama amevaa miwani. Ndiye wa mwisho katika jenasi yake, Beatragus. Binamu yake mkubwa kwa umbo, Beatragus antiquus, anajulikana kwa visukuku vya Olduvai, Tanzania. Miaka ya 1970 hirola walikadiriwa kuwa zaidi ya 10,000. Leo, duniani kote, inakadiriwa hawafiki 500.

Sotoka na ukame viliwafagia miaka ya 1980. Sawa, lakini sotoka ilipita, mbona hawakuongezeka? Mtafiti Abdullahi Ali, mwana wa Garissa, na wenzake walichapisha jibu mwaka 2017: tangu 1985, miti imeongezeka kwa asilimia 251 katika eneo la asili la hirola. Hirola anaishi kwa nyasi fupi na uwanda wazi anakoweza kumwona adui mapema. Miti ikifunga, chakula kinapungua.

Mtu wa Dadaab akisikia eti miti imezidi, atacheka kwanza. Kambini kuni ni safari. Mama zetu walizifuata mbali na kurudi jua likiwa kali. Lakini huko kusini aliyekuwa akipunguza miti alikuwa ndovu, maroodi kwa Kisomali, na majangili walimmaliza kwa ajili ya pembe zake. Mifugo mingi nayo ikabana nyasi zilizobaki.

Wahenga walisema wapiganapo ndovu wawili, ziumiazo nyasi. Garissa imeongeza sura ya pili: ndovu wasipokuwepo kabisa, nyasi huumia vilevile, na anayezitegemea huenda nazo. Mnyama mkubwa hatoweki peke yake.

Tofauti ni kwamba Elephas recki aliondoka bila mtu wa kuandika habari zake. Ya hirola tunayaandika akiwa bado hai. Mwaka 2012, jamii ya Ishaqbini, Ijara, ilizungushia hifadhi yao uzio wa kuwazuia simba na wanyama wengine wawindaji, na hirola waliomo wakazaana. Kwingine kwenye kaunti wafugaji wanakata miti iliyozidi na kupanda nyasi upya. Ni kazi ya panga na mbegu, kazi aliyokuwa akiifanya ndovu bure.