Barua Inayozima Tovuti: Safari ya Malalamiko ya Hakimiliki Kutoka Florida Hadi Nairobi

Oktoba 2012, blogu milioni 1.45 za walimu na wanafunzi zilizimika kwa mpigo. Zote zilikuwa chini ya Edublogs, huduma iliyoanzishwa na James Farmer wa Australia, na seva zake zilikuwa za kukodi kutoka kampuni ya Kimarekani iitwayo ServerBeach. Chanzo kilikuwa ukurasa mmoja. Mwaka 2007 mwalimu aliwawekea wanafunzi wake dodoso la maswali 20 la kupima hali ya kukata tamaa, lililotungwa na daktari wa akili Aaron Beck, ambalo kampuni ya uchapishaji ya Pearson ilikuwa ikiliuza kwa dola 120. Pearson ikalalamika kwa ServerBeach. Edublogs wakauondoa ukurasa huo usionekane na wasomaji, lakini nakala yake ikabaki kwenye kumbukumbu ya muda ya seva. ServerBeach walipoikuta hiyo nakala, wakazima seva zote. Kwa maelezo ya Farmer, hakuna aliyempigia simu kwanza, ingawa kila mwezi alikuwa akiwalipa karibu dola 7,000.

Kwa nini kampuni imzime mteja mkubwa namna hiyo kwa sababu ya dodoso la dola 120? Kwa sababu inaogopa, na woga huo ulianza miaka ya 1990.

Kabla tovuti hazijaenea, Wamarekani wengi waliingia mtandaoni kwa kupiga simu ya modemu kwenye kompyuta ya mtu binafsi. Mmoja anabandika faili, mwingine anaipakua, mwenye kompyuta anapata ada yake. George Frena wa Florida alikuwa na kompyuta ya aina hiyo, na ndani yake zikakutwa picha 170 za jarida la Playboy. Frena alijitetea kwamba zimewekwa na wateja, na kwamba alizifuta mara tu alipoletewa hati za mashtaka. Haikumsaidia. Mwaka 1993 mahakama ilisema kutojua hakumwondolei mtu hatia ya kukiuka hakimiliki. Kwa hukumu hiyo, yeyote aliyehifadhi kazi za wengine angeweza kushtakiwa kwa jambo asilolifanya wala kulijua.

Kesi iliyobadilisha upepo ilitoka California, na nadhani haijapewa heshima inayostahili. Dennis Erlich aliwahi kuwa mhudumu wa Kanisa la Scientology kabla ya kugeuka mkosoaji wake. Alikuwa akibandika mtandaoni maandishi ya mwanzilishi wa kanisa hilo, L. Ron Hubbard, na kuyachambua. Aliingia mtandaoni kupitia kompyuta ya Tom Klemesrud, mtu mwenye wateja wapatao 500, naye Klemesrud aliunganishwa na intaneti na kampuni kubwa ya Netcom. Wanasheria wa kanisa walimtaka Klemesrud amfukuze Erlich. Akawajibu kwamba kwanza wathibitishe kuwa haki ni zao. Wakalikataa ombi hilo. Wakapanda ngazi moja juu, hadi Netcom, nayo ikasema haiwezi kuchuja kila kinachopita, na kwamba kumkata Erlich kungekuwa kuwakata wateja wote wa Klemesrud.

Tazama mpangilio huo: mwandishi, anayemhifadhi, na anayemhifadhi huyo anayehifadhi. Ndio uliowakuta Edublogs miaka 17 baadaye. Mlalamikaji asipopata anachotaka kwa wa chini, huenda kwa wa juu yake. Na kadiri anavyopanda, ndivyo yule anayeombwa kuzima anavyozidi kutomjua anayezimwa.

Novemba 1995 Jaji Ronald Whyte alitoa uamuzi. Mashine inayonakili yenyewe, bila mwenyewe kukusudia, haimfanyi mwenyewe kuwa mkosaji wa moja kwa moja, kama vile mwenye mashine ya fotokopi asivyobeba kosa la kila anayeitumia. Lakini akaongeza neno zito. Ujumbe wa Erlich ulikaa siku 11 kwenye seva za Netcom. Kama kampuni ilikuwa imeshaarifiwa, ikaweza kuzuia na haikuzuia, basi huenda ikawajibika kwa kuchangia kosa. Pande mbili zilielewana mwaka uliofuata na swali hilo halikufikishwa mwisho mahakamani, ila barua ya malalamiko ilikuwa imeshapata nguvu mpya. Kabla yake, kampuni haikujua. Baada yake, inajua, na kujua kuna gharama.

Miezi miwili kabla ya uamuzi huo, kikosi cha serikali ya Clinton kilichoongozwa na Bruce Lehman kilikuwa kimependekeza kinyume: watoa huduma wabebe lawama, maana wao ndio walio karibu na mkosaji. Kampuni za simu na za intaneti zikapinga kwa nguvu zote. Kampuni za muziki na filamu zikavutia upande wao. Maafikiano yakawa sheria ambayo Rais Clinton aliitia saini tarehe 28 Oktoba 1998, na kiini chake kwa kampuni za kuhifadhi tovuti ni kifungu cha 512.

Kifungu hicho kinasema hivi: kampuni haitalipa fidia kwa kosa la mteja, mradi isajili wakala wa kupokea malalamiko, iondoe haraka kinacholalamikiwa, na iwe na utaratibu wa kuwafukuza wanaorudia kosa. Mteja anaarifiwa baada ya kuondolewa. Akiona ameonewa, anaandika notisi ya kupinga, na kampuni inarudisha kazi yake kati ya siku 10 na 14 za kazi, ikiwa mlalamikaji hajaenda mahakamani. Hapo mizani haiko sawa. Mlalamikaji anaapa jambo moja tu, kwamba ana mamlaka ya kumsemea mwenye haki. Mteja anayepinga anaapa kwamba anaamini kwa dhati kuwa kazi yake imeondolewa kimakosa.

Ilichukua miaka mitano tu mwanya huo kutumiwa. Mwaka 2003 barua pepe za ndani za Diebold, kampuni iliyotengeneza mashine za kupigia kura, zilivuja. Ndani yake wafanyakazi walikuwa wakiongea wazi juu ya kasoro za mashine zao. Wanafunzi wawili wa chuo cha Swarthmore, Pennsylvania, wakaziweka mtandaoni, na Diebold ikatuma notisi za hakimiliki huku na huko. Chuo kikaziondoa. Shirika dogo la Online Policy Group, lililopokea notisi kama hiyo, likakataa, na hapo tena ngazi ikapandwa: notisi ikaenda kwa Hurricane Electric, kampuni iliyolipatia shirika hilo njia ya kufika kwenye intaneti. Shirika na wanafunzi wakaenda mahakamani. Septemba 2004 Jaji Jeremy Fogel aliamua kwamba Diebold ilijua baadhi ya barua zile hazilindwi na hakimiliki, na bado ikatuma notisi. Ikalipa dola 125,000. Hilo lilikuwa jambo la wapiga kura, na lingezimwa kimyakimya kama kila aliyepokea barua angeitii.

Mtego wa panya huingia waliokuwemo na wasiokuwemo. Tarehe 19 Januari 2012 serikali ya Marekani iliifunga Megaupload, tovuti ya kuhifadhi mafaili, kwa mashtaka ya jinai ya hakimiliki. Seva 1,103 ilizozitumia zilikuwa za Carpathia Hosting ya Virginia, ambayo ghafla haikuwa na wa kuilipa wala ruhusa ya wazi ya kuzifuta. Ikaiambia mahakama kuwa kuzitunza tu kunaigharimu dola 9,000 kwa siku. Ndani ya seva hizo mlikuwa na filamu za wizi, ndiyo. Mlikuwa pia na video za mtu mmoja wa Ohio aliyejipatia riziki kwa kurekodi michezo ya shule za sekondari, ambaye aliishia kuiomba mahakama imrudishie kazi ya mikono yake mwenyewe.

Sisemi haya kuwatetea wezi wa kazi za watu. Mwanamuziki wa Dar es Salaam anayeukuta wimbo wake kwenye tovuti ya kupakulia bure ana haki ya kuona ukiondolewa leo, si baada ya kesi ya miaka mitatu. Hoja yangu ni juu ya nani anasikilizwa kwanza.

Kwetu sheria zimefika kwa nyakati tofauti. Uganda iliweka utaratibu wa notisi za kuondoa maudhui katika sheria yake ya miamala ya kielektroniki ya mwaka 2011, Tanzania katika Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Kenya ilichelewa, lakini kwa upande wa hakimiliki ilifikiri vizuri zaidi. Marekebisho ya 2019 yanamtaka mtoa huduma amtumie mteja nakala ya malalamiko, na azuie maudhui ndani ya saa 48 isipokuwa apate jibu linalogusa kila tuhuma. Yaani mteja ana nafasi ya kusema kabla ya kuzimwa. Anayetuma notisi ya uongo anakabiliwa na faini ya hadi shilingi 500,000 au kifungo. Ule mpangilio wa Marekani umegeuzwa, na umegeuzwa mahali panapostahili.

Tatizo ni mahali seva zilipo. Tovuti nyingi za Afrika Mashariki zimehifadhiwa Marekani na Ulaya, ambako huduma ni rahisi na njia ni pana. Mwenye gazeti la mtandaoni Mombasa aliyehifadhiwa Virginia hafikiwi na zile saa 48 za Nairobi. Tovuti yake inashushwa kwanza. Akitaka kupinga, kifungu cha 512 kinamtaka aandike jina lake, anwani na namba ya simu, na akubali kwa maandishi kwamba anaweza kushtakiwa katika mahakama ya shirikisho ya Marekani, popote kampuni inayohifadhi tovuti yake inapopatikana. Kisha asubiri siku zake kumi za kazi.