Mrejesho wa mguso: istilahi na kazi yake

Uhalisia pepe ni mazingira yanayoundwa na kompyuta, ambayo mtu huyaona na kuyasikia kana kwamba yumo ndani yake. Kwa anayejifunza kazi ya mikono, macho na masikio hayatoshi: akiona patasi mbele yake na kuinyooshea mkono, anashika hewa. Mrejesho wa mguso ni mbinu ya kuziba pengo hilo kwa kuufanya mtambo umrudishie mtumiaji hisia ya kile anachokigusa.

Istilahi hii inabeba mambo mawili yanayochanganywa mara nyingi. La kwanza ni mtetemo, ule wa simu iliyozimwa sauti, ambao humjulisha mtu kwamba amegusa kitu. La pili ni ukinzani: mota zinausukuma mkono kinyume, hata uhisi kitu ni kigumu, laini au kizito.

Mfano maarufu wa aina ya pili ni PHANToM, kifaa kilichobuniwa na Thomas Massie na Kenneth Salisbury katika chuo cha MIT, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mtumiaji huingiza kidole katika kikombe kidogo kilichofungwa kwenye mkono wa chuma, na mota huzuia kidole kila kinapokutana na kitu cha kwenye skrini. Ili kitu kigumu kihisike kigumu, nguvu ya mota hukokotolewa upya takribani mara 1,000 kwa sekunde. Kasi hiyo ikipungua sana, ukuta huhisika kama sifongo au huanza kutetemeka.

Mafunzo ya udaktari wa meno yanaonyesha faida ya ukinzani. Mtambo wa Simodont, uliotengenezwa kwa ushirikiano na chuo cha meno cha ACTA cha Amsterdam, humpa mwanafunzi miwani, kishikio cha keekee na pedali ya mguuni. Akianza kuchonga enameli, tishu ngumu kuliko zote mwilini, keekee inakataa. Akifika palipooza, ukinzani unashuka ghafla, na hapo ndipo anapotakiwa kulegeza mkono kabla hajatoboa hadi kwenye neva. Akikosea, anarudia jino lilelile, na hakuna mgonjwa aliyeumia.

Wapo wanaoandika haptiki, neno lenye asili ya Kigiriki. Linafaa kwa jina la taaluma. Kwa kile anachokihisi mtumiaji, mrejesho wa mguso unaeleweka bila maelezo, mradi mwandishi aseme ni mtetemo au ukinzani. Chuo cha ufundi kinachotaka kununua mitambo hii nacho kimuulize muuzaji kama ni mtetemo au ukinzani. Glavu inayotetemeka tu haiwezi kumfundisha mwanafunzi akandamize kwa nguvu kiasi gani.