Pedeli ya breki inazama taratibu? Masta silinda inaweza kuvuja bila tone kuonekana chini

Gari limesimama kwenye foleni, watoto wako siti ya nyuma, dereva amekanyaga breki. Ghafla anahisi pedeli inashuka yenyewe, pole pole, kama inayeyuka chini ya mguu. Anapampu mara mbili, inarudi juu, safari inaendelea.

Anachungulia chini ya gari, pakavu. Anafungua boneti, mafuta ya breki yapo. Anajiambia hakuna shida. Hapo ndipo wengi wanapokosea.

Masta silinda inafanya nini?

Ni pampu ndogo iliyofungwa mbele ya busta, chini ya boneti, ikiwa na kikopo cha plastiki cha mafuta ya breki juu yake. Dereva akikanyaga, pistoni mbili ndani yake husukuma mafuta kupitia mabomba hadi kwenye magurudumu.

Pistoni hizo zimezungushiwa mipira inayozuia mafuta yasirudi nyuma. Mipira ikichoka, au ukuta wa ndani ukiliwa na kutu, presha inapotea.

Kila pistoni inahudumia nusu ya mfumo. Kwa hiyo sehemu moja ikifa, gari bado linaweza kusimama, lakini kwa umbali mrefu zaidi na pedeli ikiwa chini sana. Hiyo ni akiba ya dharura, si ya kuendeshea kila siku.

Kuna kuvuja kwa aina mbili

*Kuvuja nje.* Mara nyingi mafuta hutokea nyuma ya masta, pale inapokutana na busta. Yanaweza kuingia ndani ya busta, ndiyo maana chini hakuna tone. Dalili ni kikopo kupungua na rangi ya busta kubabuka, kwa sababu mafuta ya breki yanakula rangi.

*Kuvuja ndani.* Mafuta yanapita pembeni ya mipira na kurudi kwenye kikopo. Kiwango hakipungui hata kidogo. Huku ndiko kunakodanganya watu.

Namna ya kupima

Gari liwe sehemu tambarare, injini inaunguruma, gia iko P na handbreki imevutwa. Dereva akanyage breki kwa nguvu ya kawaida na kushikilia kwa nusu dakika.

Pedeli ikiendelea kuzama, kuna tatizo. Ila kushuka kidogo pale injini inapowashwa huku mguu uko kwenye breki ni kawaida; ni busta inaanza kazi.

Kabla ya kuilaumu masta, fundi akague magurudumu na mabomba yote. Kikopo pia hupungua taratibu pedi zinapoisha, hata kama hakuna kinachovuja.

Kuongezea mafuta si kutengeneza

Kuongezea mafuta na kuondoka kunaweza kuonekana kumemaliza kazi mjini. Lakini kwenye mteremko mrefu kama Kitonga, gari likiwa na familia nzima na mizigo, breki zinafanya kazi muda mrefu na kwa joto kali. Hapo si mahali pa kugundua kuwa pedeli imegusa sakafu.

Kosa kubwa zaidi ni kumimina mafuta ya injini, ya gia au ya pawastelingi. Yanavimbisha mipira, na uharibifu unasambaa mfumo mzima. Aina sahihi huandikwa kwenye mfuniko wa kikopo, mara nyingi DOT 3 au DOT 4. DOT 5 ni ya silikoni na haichanganywi na hizo.

Kazi yenyewe gereji

1. Mafuta ya zamani yanyonywe kwenye kikopo kwa bomba la sindano. Matambara yatandikwe kulinda rangi ya gari.

2. Nati za mabomba zifunguliwe kwa spana maalumu ya mabomba. Spana ya kawaida huzila kona, na kazi ndogo inageuka kubwa.

3. Masta ikitoka, fundi aangalie ndani ya busta. Ikiwa imelowa, isifungwe hivyo hivyo. Mpira wake wa ndani ukiwa umeharibika, nayo ibadilishwe.

4. Kubadilisha mipira pekee kunafaa kama ukuta wa ndani ni laini. Ukiwa na mikwaruzo au kutu, mipira mipya haitadumu. Masta ya mtumba ina bei rahisi, lakini mipira yake nayo ni ya zamani.

5. Masta mpya ijazwe mafuta na kutolewa upepo ikiwa imebanwa kwenye jiliwa, kabla ya kufungwa. Hatua hii ikirukwa, pedeli inaweza kubaki laini hata baada ya kutoa upepo kwenye magurudumu.

6. Upepo utolewe gurudumu moja moja. Magari mengi huanzia gurudumu la mbali zaidi na masta, lakini kitabu cha gari ndicho cha kufuata. Kikopo kisikauke katikati ya kazi. Baadhi ya magari yenye ABS huhitaji mashine ya kupimia gari.

Kwa magari ya haibridi, breki zinaendeshwa kwa umeme na zina presha kubwa. Hiyo si kazi ya kujaribia nyumbani wala kwa fundi asiye na vifaa vyake.

Kabla ya kurudi barabarani

Kipimo cha nusu dakika kirudiwe. Pedeli iwe juu, ngumu, na isizame. Kisha gari lijaribiwe kwa mwendo mdogo kwenye uwanja wazi, si kwenye barabara kuu.

Kesho yake boneti ifunguliwe tena: kiwango cha mafuta kiwe palepale, na nati zote za mabomba ziwe kavu.

Na kama pedeli imeanza kuzama leo, gari lisiendeshwe hadi gereji. Fundi afuate gari lilipo, au livutwe kwa breakdown. Gharama yake itauma, lakini ni afadhali kuliko kukanyaga breki mlimani na kukuta hazipo.