Vugiri, pale filamu moja ilipopewa ndimi nyingi

Anayepanda Lushoto kutoka Mombo huijua Usambara kwa baridi, mboga na matunda. Wachache wanajua kwamba kusini mwa milima hiyo, Vugiri, upande wa Korogwe, ziliwahi kutengenezwa filamu.

Ilikuwa mwaka 1935. Mradi wa Bantu Educational Kinema Experiment, uliogharimiwa na shirika la Carnegie la New York, uliweka makao yake hapo. Ufundi ulikuwa mikononi mwa Meja L. A. Notcutt, aliyewahi kusimamia shamba la mkonge. Elimu ilikuwa ya G. C. Latham. Walijitwika kazi mbili zilizovutana: kufundisha mambo mapya, kama vile kujikinga na safura na kuweka akiba posta, na papo hapo kuhifadhi mila bora za Waafrika. Ipi bora, waliamua wao.

Kilichowasumbua zaidi ni sauti. Huko Marekani, kampuni ya Warner Bros. ilianza kuuza filamu zenye sauti ya santuri mwaka 1926, lakini miaka michache baadaye santuri ikaachwa, sauti ikachapwa kwenye mkanda wenyewe. Charlie Chaplin naye aling'ang'ania sinema bubu. Hata mwaka 1936, katika Modern Times, mhusika wake hakuzungumza.

Vugiri hapakuwa na fedha za Hollywood. Notcutt alipiga picha kwa mkanda mwembamba wa milimita 16, kisha akairudia santuri iliyokwisha kutupwa. Ilikuwa na adha zake: mkanda ukikatika na kuungwa, picha hutangulia maneno. Lakini ilikuwa rahisi, tena ilifaa nchi zenye lugha nyingi. Ukifika kwa watu wa lugha nyingine, unabadilisha santuri. Filamu ni ileile. Lori la maonyesho lilizunguka Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini.

Hadi mwaka 1937 filamu 35 zilikuwa zimekamilika. Fedha zikaisha, na serikali za kikoloni hazikuuendeleza mradi. Mwaka 1939 London ikaunda Colonial Film Unit chini ya William Sellers, aliyeshikilia kwamba Mwafrika aonyeshwe picha za polepole zisizo na manjonjo. Mtindo huo nao ukageuka mapokeo, ila hayakuwa yetu. Katika maonyesho hayo, kando ya turubai alisimama mkalimani, akieleza picha kwa lugha ya wenyeji.

Sauti hiyo haikunyamaza. Miongo mingi baadaye msimulizi wa filamu Lufufu alizitafsiri filamu za kigeni kwa mbwembwe zake, na vibanda umiza, vile vya kuonyeshea video, vikajaa watu waliokuja kumsikiliza yeye kama walivyokuja kutazama picha.

Kati ya filamu za Vugiri, tatu zimehifadhiwa na British Film Institute, Uingereza. Tuziombe nakala, zionyeshwe Vugiri siku ya gulio, na safari hii mwenyeji ndiye azisimulie.